Lauri Rapala, Mvuvi Aliyechonga Samaki

Wahenga wetu walituachia usemi kwamba ukiona vyaelea vimeundwa. Aghalabu twautumia usemi huo kwa majahazi na mashua. Leo, msomaji mpenzi, naomba ruhusa yako niutumie kwa kitu kidogo mno, urefu wake kama kidole cha shahada ama zaidi kidogo, ambacho nacho chaelea na nacho kimeundwa. Nakusudia kile kisamaki cha mti, chenye macho ya rangi na ndoana za meno matatu chini ya tumbo, wanachokivuta wavuvi nyuma ya mashua ili samaki mkubwa adhani ni riziki yake.

Aliyepita Shimoni, Watamu ama Malindi jioni, wakati mashua za uvuvi zinaporudi, amekwisha kuviona visamaki hivyo vikining'inia kwenye fito ama vimelazwa sandukuni. Vingi vyao vimeandikwa jina Rapala. Nimewauliza watu kadha wa kadha maana ya neno hilo, na karibu wote wamenijibu kuwa ni jina la kampuni ya Wazungu. Hawakukosea, lakini hawakufika mwisho wa habari. Kabla ya kuwa jina la kampuni lilikuwa jina la mtu, naye hakuwa tajiri wala mwanachuoni. Alikuwa mvuvi fukara wa ziwani, katika nchi ya Ufini, kaskazini kabisa mwa Ulaya. Jina lake lilikuwa Lauri Rapala.

Nimeshika kalamu kuyaeleza maisha yake kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa habari zake ni habari za mtu wa kazi, na watu wa kazi hawaandikwi sana. Ya pili ni kwamba visamaki vyake huku pwani kwetu vyafa vingali vijana. Havifi kwa meno ya nguru wala kolekole. Vyauawa na chumvi, na mkono wa binadamu ulioona uvivu wa kuviosha. Mtu akijua kitu kilivyoundwa, na taabu iliyompata aliyekiunda, huenda akakitunza.

JINA LA TOPE

Lauri alizaliwa tarehe 27 Novemba mwaka 1905, mahali paitwapo Sysmä. Wakati huo Ufini haikuwa nchi huru, ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Uhuru ulipatikana mwaka 1917, na mwaka uliofuata nchi ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo utoto wake na ujana wake ulipita katika siku za dhiki.

Mamake aliitwa Mari. Lauri akiwa bado mtoto, mama alihama naye kwenda wilaya ya jirani, Asikkala. Ilikuwa ni desturi huko kwamba kila mgeni aandikishwe katika daftari la kanisa la mahali. Inasimuliwa kwamba kasisi aliyewaandika alishindwa kulikumbuka jina la ukoo la mama yule, basi akaandika jina la kijiji walikotoka. Kijiji kiliitwa Rapala, na katika lugha yao neno hilo linatokana na tope. Sisi huku mtoto huitwa kwa jina la babake, fulani bin fulani, na nasaba yake ikajulikana. Mtoto huyu alipewa tope la kijiji liwe nasaba yake. Hakulikataa, akaishi nalo, na leo ndilo lililoandikwa juu ya visamaki duniani kote.

Mwaka 1928 alimwoa Elma Leppänen. Wakakaa upande wa Kalkkinen, kando ya ziwa Päijänne, wakaanza kupata watoto. Haukupita muda ikaja ile shida kubwa ya uchumi ya miaka ya 1930 iliyoutikisa ulimwengu mzima. Lauri alikuwa mtu wa vibarua. Wakati wa baridi alikata miti msituni, na barafu ilipoyeyuka alivua samaki.

Ziwa hilo la Päijänne ni la pili kwa ukubwa katika Ufini, na urefu wake kutoka kaskazini hadi kusini ni kiasi cha kilomita 120. Wakati wa baridi juu yake hutanda barafu nene. Maji yake ni matamu, na ni safi hata jiji la Helsinki limekuwa likiyanywa kwa njia ya mfereji wa chini kwa chini uliomalizika kujengwa mwaka 1982. Neno hili la maji matamu naomba ulishike, msomaji, kwani tutalirudia mbele.

SAMAKI ANAYECHECHEMEA

Lauri alivua kwa nyavu, na alivua kwa mshipi mrefu wenye ndoana nyingi, ambazo zilifika hata 1,000. Hebu fikiri kazi ya kutia chambo katika ndoana 1,000, moja baada ya moja, kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi, kisha kupiga makasia kutwa nzima kuutandaza mshipi ule na kuutegua. Chambo chenyewe lazima kwanza kitafutwe na kuvuliwa. Wavuvi wetu wanaijua adha hiyo. Siku ya kukosa chambo ni siku ya kukosa kitoweo.

Akiwa peke yake ndani ya chombo alipata nafasi ya kutazama, na hapa ndipo alipojitenga na wavuvi wenzake. Wote walikuwa na macho, lakini yeye aliyatumia. Aliwaona samaki wakubwa wakikaa kimya majini, wakilitazama kundi la visamaki likipita. Kisha ghafla mmoja wao huchupa katikati ya kundi na kumnyakua kisamaki mmoja tu. Alipotazama tena na tena alitambua kwamba yule anyakuliwaye hakuwa yeyote tu. Alikuwa ni yule mwenye kilema kidogo, anayeogelea upandeupande, akichechemea nyuma ya wenziwe.

Lauri akafanya hesabu. Ikiwa samaki mkubwa humchagua anayechechemea, basi mvuvi atakayeweza kutengeneza kisamaki kinachochechemea hatahitaji kuhangaika na ndoana 1,000. Kitu kimoja chatosha. Lakini ni lazima kichecheme sawasawa. Kikienda wima kama mshale, samaki watakiona hakina udhaifu na watakiacha. Kikiyumba kupita kiasi kitapinduka na kuzunguka kama pia. Kilema kile kilihitaji kuwa na kipimo chake.

KISU CHA MSHONA VIATU

Mwaka 1936 alikaa chini akachonga. Hakuwa na karakana wala mashine. Alichukua gome laini, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa, akalichonga umbo la samaki kwa kisu cha mshona viatu, kisha akalilainisha kwa msasa. Alihitaji magamba yanayomeremeta, na rangi ya namna hiyo hakuwa na fedha ya kuinunulia. Basi akachukua ile karatasi ya bati laini inayofungiwa chokoleti, akaivisha juu ya gome. Alihitaji vanishi ya kuzuia maji yasiingie, na hiyo pia hakuwa nayo. Akachukua filamu za picha zilizokwisha kutumika, akaziyeyusha, akakipaka kisamaki chake kwa uji ule.

Mbele ya kichwa alitia kipande chembamba kilichochomoza kama ulimi. Ulimi huo ndio unaoyakabili maji wakati kisamaki kinapovutwa. Maji yakiusukuma, kisamaki huinamisha kichwa, hupiga mbizi kidogo na kuanza kutikisika kulia na kushoto, mfano wa samaki aliyejeruhiwa. Kikiachwa bila kuvutwa, hurudi juu na kuelea, kwani gome ni jepesi.

Nataka tuvitazame tena vile vifaa, kwani ndani yake mna somo la utunzaji ambalo tutalihitaji. Ndani mna gome, na gome likilowa huwa zito. Juu mna ngozi nyembamba ya vanishi, na hiyo ndiyo ngome pekee kati ya gome na ziwa. Mbele mna kitanzi cha waya cha kufungia mshipi, na chini mna ndoana. Kila kimoja kina uzito wake, na uzito wote umepimwa ili kisamaki kichecheme vile vile kilivyokusudiwa. Ukigusa kimoja umegusa vyote.

Inasimuliwa na watu wa huko kwamba zilikuwako siku ambazo Lauri alirudi na ratili 600 za samaki, yaani kiasi cha kilo 270, kwa visamaki vyake hivyo. Masimulizi ya wavuvi kila mtu ayajua yalivyo, na samaki hukua kila anaposimuliwa. Lakini majirani walianza kumwendea nyumbani kutaka awauzie, na hilo ni dalili kwamba hawakuwa wakisikia porojo tupu.

KUTOKA ZIWANI HADI ULIMWENGUNI

Ikaja vita. Mwaka 1939 Urusi iliishambulia Ufini, na vita viwili vilivyofuatana havikumalizika mpaka mwaka 1944. Amani iliporudi, Lauri alirudi kwenye kisu chake. Wanawe nao walikuwa wakikua, na akina Reijo, Ensio na Risto wakaingia katika kazi ya baba. Nyumba ikawa kiwanda. Huyu achonga, huyu apiga msasa, huyu apaka.

Mwaka 1952 michezo ya Olimpiki ilifanyika Helsinki, na baadhi ya wageni walirudi kwao na visamaki hivyo mizigoni. Mwaka 1959 mfanyabiashara mmoja wa jimbo la Minnesota huko Marekani, Ron Weber, aliviona vikifanya kazi. Yeye na mwenziwe Ray Ostrom wakaandika barua Ufini, wakaanza kuviagiza.

Kisha likatokea jambo ambalo hapana mwanadamu aliyelipanga. Mwezi Agosti mwaka 1962 gazeti la Life la Marekani lilichapisha makala juu ya kisamaki cha Lauri. Toleo hilo hilo ndilo lililokuwa na habari za kifo cha mcheza sinema Marilyn Monroe, na kwa ajili yake likanunuliwa kupita kiasi. Waliolinunua kwa kumlilia yule mwanamke walifunua kurasa, wakakutana na mvuvi wa Ufini. Maombi ya visamaki yakamiminika kwa mamilioni, hali kule Asikkala watu walikuwa bado wakichonga kwa mikono. Kiwanda kikajengwa Vääksy, katika wilaya ile ile aliyoandikishwa kwa jina la tope.

Mti nao ulibadilika. Wakaanza kutumia balsa, mti mwepesi sana kutoka nchi za joto za Amerika. Baadaye vikaja visamaki vikubwa zaidi kwa ajili ya bahari, vyenye ulimi wa chuma, viitwavyo Magnum. Hivyo ndivyo hasa vilivyofika kwetu pwani kuvua nguru, jodari na kolekole, na vikafika bara pia, katika Ziwa Victoria na Ziwa Turkana, kumtafuta yule samaki mkubwa aitwaye sangara ama mbuta.

BIRIKANI

Katika yote aliyoyafanya Lauri, liko moja linalonistaajabisha kuliko mengine. Hakukubali kisamaki kitoke mikononi mwake bila ya kuogeleshwa. Kila kimoja kilitiwa majini, kikavutwa, kikatazamwa. Kama kilikwenda upande, kilirekebishwa kwa mkono. Desturi hii aliianza wakati alipokuwa akichonga vichache kwa mwezi, na kiwanda kilipokuja haikuachwa. Paliwekwa birika za maji na watu wa kukijaribu kila kisamaki kabla hakijatiwa katika kisanduku chake.

Ndiyo kusema, anayenunua kisamaki hicho dukani ananunua mchecheo uliokwisha kupimwa. Rangi na macho vyote ni pambo tu. Kuanzia hapo kazi ya kuulinda mchecheo ule si ya Lauri tena wala ya wanawe, ni ya mwenye kisamaki. Hapa sasa ndipo tunapofika kwenye chumvi.

MAJI MATAMU NA MAJI YA BAHARI

Lauri alivua katika maji matamu. Kisamaki chake kilipotoka ziwani kilihitaji kukaushwa tu, kwani maji ya Päijänne hayali chuma kwa haraka. Bahari yetu sivyo ilivyo. Hapa chumvi hula misumari, hula kufuli za milango, hula hata chuma cha madirisha ya nyumba iliyo mbali na ufuo. Ndoana iliyotoka baharini Ijumaa ikaachwa hivyo hivyo, Jumatatu imeanza kuwa nyekundu. Kwa hiyo sisi tunawiwa na kisamaki hiki utunzaji zaidi ya ule aliokuwa akiufanya mwenyewe aliyekiunda.

Si jambo geni kwetu. Hapana nahodha wa jahazi asiyejua kwamba chombo lazima kipwelewe, kikwanguliwe, kitiwe kalafati na kupakwa mafuta, la sivyo fukusi watakila. Wazee wetu hawakuiona kazi hiyo kuwa nyongeza ya ubaharia. Waliihesabu kuwa ndio ubaharia wenyewe. Basi nimeyakusanya hapa yale niliyojifunza kwa kuwatazama na kuwauliza mabaharia waangalifu, wale ambao visamaki vyao hudumu miaka.

La kwanza ni kuosha siku ile ile, kabla ya kulala. Mabaharia hao hutia maji matamu katika ndoo, yakiwa vuguvugu ni bora, na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo. Huviacha visamaki humo kwa muda, kwani kuvimwagia maji juu juu hakutoshi. Chumvi hujificha ndani ya vipete vinavyoshika ndoana na mizizini mwa kitanzi. Kisha hupitisha mswaki mzee, wakaondoa utelezi na magamba, na kusuuza kwa maji mengine. Wenzangu wa kisiwani Mombasa nawakumbusha kwamba maji ya visima vyetu vingi yana chumvi. Kuoshea hayo ni kuondoa chumvi kwa chumvi. Heri maji ya mvua ama ya mfereji.

Hapo sabuni yatosha. Petroli na dawa za kuyeyushia rangi zisitumike kabisa. Kumbuka ile ngozi nyembamba aliyoipika Lauri kwa filamu za picha. Vanishi za siku hizi ni bora kuliko ile, lakini nazo huyeyuka zikiguswa na dawa hizo. Utaondoa uchafu, na ngome yote utaiondoa pamoja nao.

La pili ni kukausha. Visamaki hufutwa kwa kitambaa, kisha huangikwa kivulini penye upepo mpaka vikauke kabisa. Jua kali la kwetu huchubua rangi na huweza kuipasua vanishi. Na kisamaki kibichi kisirudishwe sandukuni pamoja na vikavu. Samaki mmoja akioza huoza wote, walisema wahenga, na hapa maneno yao ni kweli kabisa, kwani unyevu wa kimoja hutosha kuzitia kutu ndoana za sanduku zima. Vile vile vile vidudu laini vya mpira vinavyotumiwa kuwa chambo visichanganywe na visamaki vya mti ama vya plastiki. Mafuta yaliyomo ndani yake huyeyusha rangi, na baada ya wiki chache utakuta vimegandana.

La tatu ni ndoana. Mabaharia huijaribu ncha juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikikwama ni kali, ikiteleza ni butu. Iliyo butu hunolewa kwa tupa ndogo, kidogo kidogo, kuelekea kwenye ncha. Kutu nyepesi huondolewa, ndoana ikakaushwa na kufutwa kwa tone la mafuta mepesi. Lakini ndoana ambayo kutu imeichimba vishimo haifai tena. Inang'ara ikikwanguliwa, na itakatika siku atakapokuja samaki wa kulipa deni la mwezi. Itolewe kwa koleo pamoja na kipete chake, itiwe mpya. Hiyo mpya nayo iwe na ukubwa ule ule, kwani ukitia ndoana nzito zaidi umeivuruga mizani yote ya Lauri, na kisamaki hakitachechemea tena. Zile kongwe zisitupwe ufuoni. Unyayo wa mtoto wa watu utazipata.

La nne ni ngozi. Nguru ana meno kama msumeno, na kila anapouma huacha tundu. Maji huingia tunduni, mti hunywa, huvimba, na kisamaki kilichokuwa chepesi huwa kizito upande mmoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kisamaki kilichoumwa huachwa siku kadha kikauke hata ndani, kisha tundu huzibwa kwa vanishi isiyo na rangi. Baadhi ya mabaharia hutumia ile rangi angavu ya kucha za wanawake, nayo yafaa sana. Atakayeziba kabla ya kukausha atakuwa ameyafungia maji ndani.

La tano, na ndilo Lauri alilolipenda zaidi, ni kukiogelesha. Baada ya kukitengeneza hukivuta polepole kandokando ya mashua na kukitazama. Kikienda moja kwa moja huku kikitikisika, ni kizima. Kikikimbilia kushoto, kile kitanzi cha mbele hupindwa kidogo sana kwa koleo kuelekea kulia. Kikikimbilia kulia, hupindwa kuelekea kushoto. Nasema kidogo sana, kiasi cha unywele, kisha hujaribiwa tena. Mwenye pupa hukivunja kitanzi. Mwisho hutazama fundo la mshipi. Lile la jana hukatwa na kufungwa upya, tena kwa namna ya kuacha tundu, ili kisamaki kicheze kwa uhuru wala kisibanwe shingo.

Kazi yote hiyo haizidi muda wa kunywa kahawa vikombe viwili. Nao wasioifanya huutumia muda huo huo, na zaidi, kulalamika kwamba samaki wamekwisha ama kwamba visamaki vya siku hizi ni vibovu. Nimemwona mzee mmoja wa Lamu akivua kwa kisamaki ambacho rangi yake yote ilikuwa imekwisha kuliwa na meno, hakikubakia hata jicho. Ndoana zake zilikuwa mpya, na kilichechemea kama siku kilipotoka birikani. Vijana waliokuwa wakimcheka kwa uchakavu wa chombo chake walikwenda kununua samaki kwake.

ALIVYOONDOKA

Lauri Rapala alifariki mwezi Oktoba mwaka 1974, akiwa na umri wa miaka 68. Utajiri ulikuwa umekwisha kumfikia, na jina la tope lilikuwa limevuka bahari zote. Wanawe walibaki na kazi, na baada yao wengine. Kampuni ikakua, ikaungana na nyingine, na leo chini ya jina hilo vyauzwa vitu vya uvuvi vya kila namna. Watu wa biashara watakueleza hayo kwa hesabu.

Mimi ninalolishika ni dogo zaidi. Mtu huyu hakumvumbua samaki, wala hakuivumbua ndoana. Alitazama mpaka akaona kile ambacho wenziwe walikuwa wakikitazama kila siku bila kukiona, kisha akakitafutia kipimo chake, na baada ya kukipata hakuchoka kukipima tena katika kila kisamaki kilichopita mkononi mwake. Umaskini ulimfundisha hivyo. Aliyechonga kwa kisu cha mshona viatu na karatasi ya chokoleti hawezi kukiona kitu kuwa ni cha kutupwa.

Wavuvi wetu wengi hawana fedha ya kununua kisamaki kipya kila mwezi. Bei yake ni ya siku nzima ya jasho, na pengine zaidi. Nao msimu wa kaskazi haumngoji mtu. Samaki hupita, na asiyekuwa na ndoana kali huwatazama wakipita. Kwa mtu wa namna hiyo ndoo moja ya maji matamu jioni ni nusu ya riziki ya kesho, nayo maji yenyewe hayamgharimu kitu ila kuinama.